Jibu: kulinganisha urefu na banyama ba bahari

Dada mwalimu wa Bukavu, umeuliza namna ya kufundisha batoto ba miaka 5 kulinganisha urefu na banyama ba bahari wakati habajaonaka bahari. Mi niko Goma, minafundishaka ba umri ule ule. Anza na sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa Kivu, yote inaenea mu kiganja na kila mutoto anaijua. Kisha kata kamba moja ya urefu wa kila munyama: pomboo metre 3, papa-nyangumi 12, na nyangumi wa bluu anafikaka mpaka 30, ile haiwezi enea mu klase, toka inje kabisa. Sie tulipanga batoto 30 benye kunyoosha mikono, mutoto mumoja karibu metre moja, njo balielewa nyangumi ni kitu gani!

Lakini wakati wa kulinganisha kamba, chunga sana mwanzo wa kila moja. Kamba fupi ukiisukuma mbele kidogo batoto banasema njo ndefu, juu banaangalia mwisho tu. Chora mustari na chaki, mwanzo wa kamba zote uguse pale, na kamba isijikunje. Namba zisubiri, kwanza baseme "huyu murefu kuliko ule". Na zile picha za kuchora nyangumi na kaa kipimo kimoja, tafazali ziache, zinabaharibia akili.