Usimpe maikrofoni mtu aliyekwisha kuliona pambano

Mkuu, simama hapohapo kabla hujanunua hata waya. Umesema unafungua banda la video Nzuguni, utaonyesha mieleka ya Marekani huku ukitangaza mwenyewe kwa Kiswahili, na kwamba pambano utaliangalia usiku wa manane, uandike dondoo, halafu jioni uwatangazie wateja "kwa uhakika". Ukauliza maikrofoni gani, kiingilio kiasi gani, utangaze peke yako au mwe wawili, na vibali. Hilo la dondoo ndilo lililonifilisi mimi. Lifute leo.

Nilikuwa na banda Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Mabenchi kumi na mawili, maturubai pande zote, projekta na spika mbili nilizonunua kwa mkopo wa kikoba, laki tisa. Kiingilio mia tano. Mieleka ilikuwa inajaza kuliko filamu, na sababu ilikuwa moja: watangazaji wa kule wanaongea Kiingereza, mimi nilikuwa naweka Kiswahili juu yake. Wateja walikuwa wanajua refa ni nani, kabali inakaa wapi, na nani ana kisasi na nani tangu lini.

Sasa sikiliza. WrestleMania 35, onyesho kubwa la mwaka la kampuni ya mieleka ya WWE, ilipigwa New Jersey tarehe 7 Aprili 2019, Jumapili jioni kwao, kwetu tayari Jumatatu usiku mnene. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alikuwa anaonekana kwenye maonyesho ya WWE tangu 2008 bila kuwahi kuushika mkanda ule mkubwa, na siku hiyo anaugombea kwa Daniel Bryan. Mtaani hakuna aliyekuwa anamwita Kofi. Walikuwa wanasema "Mwafrika wetu". Nikakesha, nikaangalia, nikajua mwisho wake. Jioni ya Jumatatu banda likajaa watu tisini, wengine wamesimama.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemlipa MC mmoja wa maharusi elfu hamsini anifundishe kutangaza. Alijinadi kwamba amewahi kushika maikrofoni redioni. Akanipa mambo mawili kama vile anasoma sheria: usinyamaze hata kidogo, ukinyamaza mteja anatoka, na ukishajua matokeo wagawie wateja mapema, mteja anapenda uhakika. Mtu yule mpaka leo nikimwona kwenye sherehe nahama meza. Redioni msikilizaji haoni kitu, kwa hiyo unalazimika kumjazia kila kitu. Kwenye banda picha ipo ukutani, ukubwa wa mlango wa gereji! Utamwambia nini mtu kuhusu kitu anachokiona? Na uhakika gani anautaka mtu aliyelipa mia tano kuja kuona nani atashinda? Akitaka uhakika si anabaki kwake anahesabu bati!

Ikafika pale Bryan amemlaza Kofi kifudifudi, mkono mmoja wa Kofi ameunasa kwa miguu, viganja vyake amevifunga usoni kwa Kofi na anavuta kichwa kurudi nyuma. Ule mkono mwingine wa Kofi ndio kila jicho lilikuwa linautazama, maana ukigonga chini tu, amesalimu amri, kwisha. Banda zima kimya. Nasikia jenereta ya jirani. Benchi la mbele kuna mzee wa Kigogo, alikuwa anakuja kila akitoka mnadani Msalato kuuza mbuzi, Kiingereza hajui hata neno. Alikuwa amenyanyuka nusu, hajakaa hajasimama, fimbo ameishika kwa mikono miwili na anaikunja kana kwamba ni yeye anayevutwa.

Mimi na dondoo zangu mkononi nikapaza sauti: "Msiogope ndugu zangu, huyu hagongi! Leo mkanda unakwenda Ghana!"

Yule mzee akageuka akanitazama. Akakaa. Fimbo akailaza mapajani. Halafu akasema bila hasira, na ndiyo iliyoniuma: "Mwanangu, kama ulishajua, sisi umetuitia nini?" Akainuka akatoka. Nyuma yake wakatoka vijana, wengine wanadai hela yao mlangoni. Kofi alipompiga Bryan lile teke la mwisho na refa akahesabu tatu, waliobaki hawafiki arobaini, na hakuna aliyeshangilia. Mwafrika ameshinda mkanda wa dunia, watu wanavaa ndala! Ijumaa yake walikuja kumi na mmoja. Habari ilishazunguka kwamba pale Chang'ombe wanakuambia mwisho kabla. Kufika Juni projekta nimeiuza laki tatu na nusu na kikoba bado kinanidai.

Usiniambie "matokeo ya mieleka si yamepangwa". Yamepangwa, ndiyo, na filamu nayo imepangwa, jaribu kusimama mlangoni uwaambie watu nani anakufa. Na wakubwa wameumia kwa hilihili. Tarehe 4 Januari 1999 Tony Schiavone alikuwa anatangaza Nitro, kipindi cha televisheni cha kampuni ya mieleka ya WCW. Wapinzani wao WWF, ndiyo hiyo WWE kwa jina la zamani, walikuwa wanarusha kipindi chao Raw kilichorekodiwa siku kadhaa nyuma, ambamo mwanamieleka Mick Foley anachukua mkanda. Schiavone, kwa amri ya bosi wake, akautangaza ushindi huo hewani na kuukejeli. Watazamaji kwa malaki wakahamia kule kumwona Foley akishinda. Kule waliumia wao waliotangaza, hapa niliumia mimi; kosa ni lilelile, mdomo uliotangulia jicho.

Sasa msikilize Jim Ross, mtangazaji wa WWF, Juni 1998 kule Pittsburgh, mwanamieleka Undertaker anamtupa huyohuyo Foley kutoka juu ya kizimba, kama mita tano, mpaka juu ya meza ya watangazaji. Ross hasemi "sasa anamtupa". Mtu anaanguka kwanza, ndipo Ross analipuka, na sauti yake ni ya mtu aliyeshtuka pamoja na wewe. Hiyo sauti huwezi kuiandika kwenye dondoo.

Kwa hiyo: jioni maikrofoni aishike mtu aliyelala usiku. Mdogo wako, shemeji yako, yeyote ambaye hajaona na hajapekua simu. Refa akianza kuhesabu kwa kupiga kiganja chini, ahesabu naye moja, mbili, halafu anyamaze. Kiganja cha tatu ni cha wateja.

Wawili ni bora kuliko mmoja, mmoja amtetee mwema na mwingine amtetee mbaya, kama watangazaji wa WWF Gorilla Monsoon na Bobby Heenan walivyokuwa wanabishana zamani. Lakini wote wawili wawe hawajaona! Vibali nenda COSOTA, wale wa hakimiliki, na Bodi ya Filamu, usianze kabla.

Yule mzee nilikutana naye Msalato mwaka jana, ameshika kamba ya beberu. Akanitambua. Baada ya salamu akaniuliza, "Yule Mwafrika siku ile, alijinasuaje?" Nikachuchumaa naye kivulini, nikaanza kumsimulia tangu kengele ya kwanza, na teke sikuligusa mpaka zamu yake ilipofika.