Ulichoniuliza kuhusu vitu vya baba yako

Mwanangu Yona, mbukwa.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza kwa nini vinyago na picha za marehemu baba yako nimevipeleka makumbusho ya chuo kikuu, tena bure, na ninyi watoto wanne mpo na Suzana yuko kwenye ujenzi. Ukaongeza kwamba ile picha ya chui ni ya mchoraji Tingatinga mwenyewe na peke yake ingetupatia mamilioni. Umeuliza kwa adabu na nitakujibu, ila ungenipigia simu kwanza kabla ya kulitupa jambo kwenye grupu la familia.

Tuanze na chui tummalize. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972. Baba yako alianza kupeleka lori Dar mwaka 1976, nakumbuka kwa sababu nilikuwa na mimba yako. Picha ile aliinunua Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa vijana waliokuwa wanaendeleza uchoraji ule. Ukiigeuza hadibodi utaona jina limeandikwa kwa penseli, na silo la Tingatinga. Baba yako alilijua. Wageni wakishangaa, "Mzee, una Tingatinga halisi!" alikuwa ananyamaza na kuwaongezea chai.

Kuuza nilijaribu. Mwaka juzi alikuja mnunuzi, alielekezwa na mtu. Alikaa kwenye kochi kama dakika 20. Katika vitu 63 alichagua vinne: kinyago cha mti wa ujamaa, zeze la babu yako na vigoda viwili vya Mvumi. Vingine hata kuvigeuza hakuvigeuza. Hakuuliza nani alichonga. Aliuliza kama kuna watu wengine wanaojua kwamba ninavyo. Sikumwelewa hadi nilipoambiwa kwamba vitu vya asili vya namna hiyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Nikaielewa ile haraka yake. Nilimpa maji ya kunywa akaenda zake.

Yule mhifadhi wa chuo alikuja na daftari. Binti mdogo tu, umri wa Suzana. Akavua viatu, akaketi mkekani, na kwa kila kitu akawa na maswali yale yale: nani alitengeneza, wapi, kilinunuliwa lini, kwa shilingi ngapi, kilitumikaje nyumbani. Tulimaliza siku tatu. Tulipofika kwenye zeze nilimweleza kwamba nyuzi zake za mwanzo zilikuwa za mishipa ya mnyama, zikakatika, babu yako akafunga waya wa breki za baiskeli. Akauliza lile baka jeusi ubavuni ni la nini. Nikamwambia ni la usiku ule wa harusi ya shangazi yako, zeze liliegemezwa karibu na mafiga ndani ya tembe na watu wote wakawa nje wanacheza. Aliandika yote, akanisomea ili nisahihishe. Yona, hapo ndipo nilipoamua. Mambo haya yamo kinywani mwangu tu. Wewe huyajui, Suzana hayajui, na mimi nina miaka 74.

Halafu kuna ule mti wa ujamaa, wale watu waliopandana kutoka gogo moja la mpingo. Baba yako aliubeba kutoka Mtwara kwenye kebini ya lori, umefungwa blanketi, maana nyuma alihofia utagongwa. Mpingo uliozoea hewa ya pwani ukiuleta Dodoma, ambako mvua ni ya Desemba hadi Aprili basi, unakauka na kupasuka. Ulipasuka kuanzia chini, ufa ukapita usoni mwa mtu wa tatu. Baba yako akaziba kwa nta na kiwi nyeusi ya viatu, nasi tukaona umepona. Binti alichukua pamba, akasugua kidogo, ikatoka nyeusi tii. Hakusema neno, alinionyesha tu ile pamba.

Akafika kwa simba, yule aliyekuwa juu ya redio, fahari ya baba yako. Akamnyanyua kwa mkono mmoja akatabasamu. Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama. Simba yule ni mti mweupe uliopakwa kiwi! Miaka arobaini tunamfuta vumbi kwa heshima.

Viliposafirishwa vilifungwa kwenye nailoni, na vya mbao vikalala wiki mbili kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, kuua vidudu vinavyotoboa mbao. Zeze la babu yako kwenye friza, kama sato. Sasa kila kitu kina namba ndogo kwa chini, imeandikwa juu ya vanishi ili siku moja iweze kufutika bila kuacha alama.

Tuligombana mara moja. Nilitaka iandikwe kwenye hati kwamba vyote vitawekwa mbele ya watu daima. Wakakataa. Wakasema mwanga unafifisha rangi, lazima vipokezane, vingine vikae stoo vikipumzika. Nilirudi nyumbani nimenuna. Walichokubali ni kwamba havitauzwa, na chuo kikiacha kuwa na makumbusho vitakwenda Makumbusho ya Taifa.

Unasema ningewaazima chuo tu. Nikifa ninyi wanne mngeshindwa kuelewana nani avirudishe na avirudishe wapi, kwenye nyumba hii ambayo mchwa walishakula fremu mbili. Na kuhusu kugawana, wakati wa mirathi niliwauliza mbele ya mchungaji, mkaniachia vyote. "Takataka za mzee, kaa nazo tu Mama." Maneno hayo ni ya kwako, baba. Sikuyasema kwenye grupu.

Mwambie na Suzana aache wazo la kuchapa yule chui kwenye tisheti. Sisi tulikuwa na ubao tu, si haki ya mchoro. Haki ya mchoro ni ya mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ndivyo isemavyo sheria ya hakimiliki ya 1999.

Hati ina ukurasa wa mwisho wenye mistari minne ya saini zenu. Chuo hawakulazimisha, nimeomba mimi, ili asije mmoja wenu akawasumbua wale mabinti. Panda treni ya SGR Ijumaa, uje usaini, ukipenda nitakupeleka ukalione zeze. Vitu 9 walivikataa, viko stoo nyuma ya magunia ya uwele, chagua unachotaka. Simba yumo. Ukimchukua usimpake kiwi tena.

Mama yako