Sindano ya goti: kabla hujakunja suruali, uliza kuna nini kwenye bomba

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja anayesoma blogu hii. Kaandika hivi: "Dada habari, goti linanisumbua mwaka wa pili sasa, daktari kasema Alhamisi nikachomwe sindano, nichome nisichome?" Nikamjibu sindano gani? Akasema sindano ya goti. Nikamuuliza tena, ya dawa gani? Kimya. Baada ya kama dakika kumi ikaingia: "Kwani ziko nyingi?"

Jamani, nilikuwa nimeshalala ikabidi nikae. Maana miaka minne iliyopita ungeniuliza mimi ningekujibu hivyohivyo, na wakati huo nilikuwa nimeshachomwa tatu.

Ngoja niwasimulie, ni ndefu kidogo.

Goti la kulia. Nilikuwa nakimbia, na najua wengi wenu humu mnakimbia au mnatamani kurudi kukimbia kwa hiyo sina haja ya kueleza inavyouma kuona wenzako wanapita wewe umekaa. Lilianza kama kijiwe hivi upande wa ndani, kinauma nikishuka ngazi tu, kupanda wala. Nikalipuuza, nikalifunga bandeji ya mpira, nikawa nameza diklofenaki kama pipi, nikaendelea kukimbia. Miezi minane hiyo. Mwisho wa siku nikawa nashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume nimeshika ukuta, na mwanangu mdogo akaanza na yeye kushuka kinyumenyume akidhani ni mchezo. Nilicheka naye pale kwenye ngazi halafu nikaingia bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie nalia.

Daktari wa kwanza alinipiga picha akasema goti limeanza kusagika, gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, upande wa ndani imepungua, na kano inayoshika goti kwa ndani nayo imelegea. Tukae tuongee? Wapi. Dakika tano zote hizo pamoja na kuvua kiatu. "Tutakuchoma sindano." Sawa dokta. Sikuuliza chochote, mimi ambaye nikienda kununua simu nauliza mpaka muuzaji ananichoka.

Na niseme ukweli, ile sindano ilifanya maajabu. Siku ya tatu nashuka ngazi kama msichana. Wiki ya pili nikakimbia, nikaposti picha nimeandika NIMERUDI kwa herufi kubwa. Miezi mitatu mbele maumivu haya hapa. Nikachomwa ya pili, ikanikaa wiki sita. Ya tatu hata wiki tatu haikufika. Nilipomuuliza mbona muda unazidi kupungua akacheka, akasema "mama, ni umri huo." Nilikuwa na miaka 43. Mpaka leo lile neno likinijia napiga mswaki naacha mswaki mdomoni nabaki najiangalia kwenye kioo.

Nilichokuwa nachomwa ni kotisoni, na nilikuja kuijua kwa kuomba faili langu mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Kotisoni si dawa ya ovyo, msinielewe vibaya, waliofanya utafiti wake walipewa Nobeli mwaka 1950 kwa sababu watu waliokuwa hawanyanyuki kitandani kwa baridi yabisi walisimama wakatembea. Kazi yake ni kuzima uvimbe. Goti likiwa limejaa, linawaka, hulali, inakupa nafuu ya haraka kweli. Ila inazima tu, haijengi. Kuna utafiti wa 2017 wa watu 140 wenye magoti yaliyosagika, nusu walichomwa kotisoni kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, wengine wakachomwa maji ya chumvi tupu, yasiyo na dawa, ili kulinganisha. Mwisho wa miaka miwili maumivu hayakuwa na tofauti ya maana, lakini gegedu ya waliochomwa kotisoni ilikuwa imepungua milimita 0.21 na ya wenzao 0.10. Mara mbili hiyo! Na kwa wale wa kiwiko, ile kano ya nje inayouma ukishika hata kikombe, wiki za mwanzo kotisoni inapendeza sana, ukifika mwaka waliochomwa wako nyuma ya ambao hawakuchomwa. Na kama una kisukari, sukari inaweza kupanda siku kadhaa baada ya kuchomwa. Mambo haya yote mtu angeweza kuniambia kwa dakika moja na nusu. Nisingekataa ya kwanza, pengine. Ya tatu ningeikataa.

Nawaza tu kwa sauti. Yule daktari wa kwanza sijamsamehe vizuri.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia, nilinenepa nikanuna.

Daktari wa pili nilipelekwa na rafiki yangu wa mbio. Huyu alikuwa mtu wa maneno mengi, akanichorea goti kwenye karatasi, akasema anataka kunichoma maji ya sukari. Nilitaka kuinuka. Sukari? Akasema ndiyo, dekstrosi, glukosi hiyohiyo ya kwenye dripu ila nzito zaidi, kwenye kano anaweka ya asilimia 15 na ndani ya goti asilimia 25, pamoja na dawa ya ganzi. Inaitwa prolotherapia, jina alilipa daktari mpasuaji wa Marekani, George Hackett, miaka ya 1950, kwa mantiki kwamba kano ikilegea pale inaposhikana na mfupa, ukiichokoza makusudi mwili unapeleka mafundi pale kurekebisha. Kano zina damu kidogo, ndiyo maana zikiumia zinachelewa kupona. Kwa hiyo ile sukari inakwenda kuwasha uvimbe kidogo. KUWASHA. Yaani kinyume kabisa cha nilichofanyiwa mara tatu, na zote mbili kwenye kadi yangu zimeandikwa sindano ya goti.

Hapo ndipo akili iliponikaa sawa.

Siku yenyewe alinilaza, akawa anaminya goti kwa kidole gumba, taratibu, nukta kwa nukta. Hapa? Hapana. Hapa? Kidogo. Hapa? nikaruka. Anaweka alama kwa kalamu. Alipomaliza nikainua kichwa nikahesabu, alama 11, goti linafanana na kete ya dado. Halafu sindano, moja baada ya nyingine, na jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo ni kwamba inaingia mpaka inagusa mfupa, unasikia kama kucha inagonga meza kwa mbali, mle ndani yako. Ganzi ipo, lakini ule mguso unausikia. Nilishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikafa ganzi vyenyewe bila kuchomwa.

Usiku wake goti lilivimba, likawa la moto na zito. Baba watoto akaja na glasi ya maji na ibuprofeni mkononi, mume mwema kabisa, nikamwambia toa hiyo, akadhani nimechanganyikiwa. Lakini ndivyo nilivyoelekezwa, zile dawa za kuzima uvimbe unaziacha kwa sababu uvimbe ndiyo kazi yenyewe umeilipia, ukizidiwa unameza parasetamoli. Siku mbili za shida, ya tatu afadhali. (Afadhali nieleze hili wazi: uvimbe unaopungua siku hadi siku ni wa kawaida. Goti likizidi kuvimba, likawa jekundu, una homa, hulikunji, hiyo si ya kusubiri, unakimbizwa hospitali saa hiyohiyo, wadudu wakiingia ndani ya goti hawana subira.)

Nilichomwa mara tano, kila baada ya wiki nne. Baada ya ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu, na nilimtumia rafiki yangu meseji ambazo tumekubaliana zifutwe. Kati ya ya tatu na ya nne, asubuhi moja nimebeba beseni la nguo, nikafika chini ndipo nikagundua nimeshuka ngazi nikiangalia mbele. Nikapanda tena nikashuka tena kuhakikisha. Nikapanda nikashuka. Mtoto akaja kuuliza tunacheza nini.

Sasa msikimbilie huko wote. Mimi nilisoma baadaye, nilitakiwa kusoma kabla. Kwenye goti lililosagika kuna utafiti wa David Rabago na wenzake wa 2013, watu 90, wengine dekstrosi, wengine maji ya chumvi, wengine mazoezi ya nyumbani, na baada ya mwaka, wale wa dekstrosi walikuwa wamepata nafuu karibu mara mbili ya wengine. Watu 90 si wengi, lakini kitu kipo. Kwenye mgongo uliouma miaka ni hadithi nyingine, 2004 walichoma watu 110, wengine glukosi wengine maji ya chumvi, wote wakapata nafuu na hakuna tofauti kati yao! Kwa hiyo mtu wa mgongo asichukue hadithi ya goti langu akaifanya yake. Na ile ya kukutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine wanakurudishia chembe sahani (zile chembe za kugandisha damu), ambayo kila mwanamichezo anaitamba mtandaoni, mwaka 2021 ilipimwa kwenye magoti ya watu 288 dhidi ya maji ya chumvi, baada ya miezi 12 ngoma droo. Hayo maji ya chumvi nayo yanastahili blogu yao.

Tena kuna jambo nilikuwa nalificha kwenye posti zangu za nyuma na leo nalisema. Sikupona kwa sindano peke yake. Yule daktari wa pili alikataa kunichoma ya pili mpaka nionane na mtaalamu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi, nikamwona, akanipa mazoezi ya paja, nikadanganya kwamba nayafanya. Wiki tatu nadanganya. Alinijua kwa kuniambia tu simama mguu mmoja. Nilitetemeka kama jani nikashika bega lake. Akasema "dada, mguu hausemi uongo." Basi nikaanza: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, kupanda na kushuka kingazi kimoja polepole, kusimama mguu mmoja nikiosha vyombo. Inachosha, haina picha ya kuposti, na kwa miezi sita nimeifanya kila siku kasoro siku nilizokuwa na homa. Kwa hiyo mkiniuliza ni sukari au ni paja nawaambia mimi nilifanya vyote viwili na sirudishi hata kimoja.

Jumapili iliyopita nimekimbia kilomita 10, saa moja na dakika 14. Najua humu kuna wa dakika 50, hongereni, mimi yangu nimeiweka kwenye friji kwa sumaku.

Ushauri wangu basi, kwa sababu ndicho mlichokuja kutafuta. Uliza jina la dawa. Mwambie akuandikie kwenye karatasi kama hulishiki, kuna aibu gani? Uliza hii inazima au inawasha, uliza ni ya ngapi na itakuwa ngapi, uliza baada yake nifanye nini na nisimeze nini. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au una kisukari liseme kabla hajafungua bomba, usisubiri aulize. Uliza atajuaje yuko mahali sahihi, kwa kidole tu au kwa altrasaundi. Na uliza jina la dawa, narudia makusudi. Tumezoea kumheshimu daktari kwa kunyamaza, tunatoka nje ndiyo tunauliza watu wa kwenye foleni ati nimechomwa nini, halafu tukiumia tunasema hospitali mbaya. Wewe ulifungua mdomo? Mimi sikuufungua. Mwili ni wako, utakaoshuka nao ngazi ni wewe. Daktari akikasirika kwa sababu umeuliza jina la dawa anayoingiza kwenye goti lako, vaa kiatu chako uondoke, viatu si vinavalika.

Haya nimepandisha sauti, nisameheni.

Yule dada nilimwambia apige simu aulize kabla ya Alhamisi. Akasema anaogopa kumsumbua daktari. Tumebishana karibu saa nzima. Leo mchana kanitumia picha ya kikaratasi, mwandiko wa nesi, neno moja: triamsinoloni. Chini yake kaandika, "Dada hii ni ya kuzima au ya kuwasha?" Nimemwambia ya kuzima, ni kotisoni hiyo, sasa mpigie tena umuulize ni ya ngapi. Akanijibu ni ya kwanza, na goti limejaa maji, wiki ya pili hapati usingizi. Nikamwambia basi kwa hali hiyo hata mimi ningeichoma, ila atoke pale na tarehe ya fizio mkononi.

Amesema Alhamisi jioni ataniandikia.