Barua kwa mwanangu: siku ya kupiga picha ndege inayouzwa

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepewa kazi ya kupiga picha Pilatus PC-12, ndege ndogo ya propela moja, iliyoegeshwa uwanja wa Wilson, Nairobi, mwenyewe anataka kuiuza, na wewe mkono wako umezoea harusi na nyumba za kupangisha. Unauliza upangeje siku yenyewe na ubebe lenzi gani. La lenzi nitalifikia, ila kazi hii huanza kwa simu utakazopiga wiki moja kabla, wakati kamera bado iko kabatini.

Jua kwanza picha zitamfanyia nini mnunuzi. Hakuna anayelipia ndege kwa kuona picha. Atalipa baada ya mafundi wake kuifungua na kuikagua, na ukaguzi huo ni ghali. Picha zako ndizo zitakazomfanya aamue, akiwa Johannesburg au Dubai, kama inafaa kugharamia safari hiyo. Kwa hiyo ndege ivutie, lakini isionekane kuficha kitu. Ukifuta kwa kompyuta rangi iliyobabuka kwenye ukingo wa bawa, fundi wake ataiona dakika ya kumi ya ukaguzi, na kuanzia hapo hataamini hata daftari za matengenezo. Futa vumbi, futa koni ya barabarani iliyo nyuma ya mkia, futa namba ya usajili kama mwenyewe hataki ionekane. Kovu la ndege liache.

Simu ya kwanza ni kwa mwenye ndege au mwakilishi wake. Muulize picha zitatumika wapi, maana tangazo la mtandaoni linataka picha za mlalo, simu inataka za wima, na kijitabu cha kuchapwa cha A4 kinataka picha ya pikseli 3,508 kwa 2,480 angalau. Muulize pia kama namba ya usajili, ile inayoanza na 5Y, ionekane au la. Haki za matumizi ziandikwe kabla hujawasha kamera: nani anazitumia, kwa muda gani, na kama dalali wa pili atazichukua bila kukulipa.

Simu ya pili ni kwa msimamizi wa hanga, yaani banda la ndege. Yeye ndiye anayejua njia ya kupata ruhusa ya kuingia na kupiga picha upande wa ndege, kwa sababu uwanja uko chini ya KAA, mamlaka ya viwanja vya ndege, na hakuna anayeingia na tripodi kwa maneno matamu getini. Mpe majina kamili na namba za vitambulisho vyenu, pamoja na orodha ya vifaa na namba zake. Idadi yenu iwe ndogo: wewe, msaidizi mmoja, na fundi wa ndege hiyo. Fundi huyo si wa hiari. Bila yeye hakuna atakayefungua mlango wa mizigo, kuwasha taa wala kuondoa vifuniko.

Umwombe vitu vitatu kwa majina yao. Trekta ya kuvutia ndege na mtu wake, kuanzia saa 11 na nusu alfajiri. Mashine ya umeme wa nje ya volti 28, kwa sababu ukiwasha taa za ndani na skrini za rubani kwa betri ya ndege peke yake, muda si mrefu itakufa na siku yako imeisha. Na ngazi ya mita tatu, au jukwaa la kupanda la mafundi. Hili la mwisho ndilo litakalochukua nafasi ya drone. Najua unayo na unaipenda, lakini Wilson iko ndani ya anga inayoongozwa na ndege ndogo zinapita hapo mchana kutwa. Bila idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, iache nyumbani.

Kuosha kufanyike jioni ya siku iliyotangulia, usikubali kabisa kuambiwa "tutaiosha asubuhi". Maji hujificha kwenye maungio ya milango na mabati, kisha yanachuruzika kwa saa nzima na kuacha michirizi kwenye rangi nyeupe, tena uone mwanga wako ukiisha huku watu wanafuta. PC-12 ina ekzosi mbili pande za pua, na masizi yake huganda kuelekea nyuma. Hapo paoshwe mara mbili. Madirisha ni ya akriliki, si kioo. Dawa ya vioo yenye amonia huyapasua nyufa ndogo ndogo zisizotibika, kwa hiyo ni maji, sabuni laini na kitambaa safi cha mikrofaiba, au dawa atakayoitoa fundi mwenyewe.

Sasa mwanga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wapigapicha wazuri wanapofeli. Nairobi iko karibu na ikweta. Jua huchomoza karibu saa 12 na nusu na kupanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kila saa. Ule mwanga mlaini wa dhahabu ambao wenzetu wa Ulaya wanaufaidi saa mbili, wewe utaupata kwa dakika arobaini. Ifikapo saa 3 kasoro, mbavu za ndege zimeanza kuwa giza na mgongo unang'aa kama sahani. Kwa hiyo jua linapochomoza ndege iwe imeshatolewa, imegeuzwa, imefutwa umande, na wewe umeshapiga picha za majaribio.

Igeuzwe vipi? Picha kuu ya PC-12 ni ya pua na ubavu wa kushoto, maana mlango wa abiria uko kushoto mbele na ule mkubwa wa mizigo, mita 1.35 kwa 1.32, uko kushoto nyuma. Mlango huo ni nusu ya sababu ya watu kuinunua ndege hii, uuonyeshe umefungwa na umefunguliwa. Asubuhi, pua ielekezwe kusini-mashariki. Wewe simama mashariki, jua likiwa mgongoni kwako, pua na ubavu vyote vitapata mwanga. Jioni ni kinyume, pua kaskazini-magharibi. Ndiyo maana nasema trekta iwepo muda wote, kwa sababu ndege isiyogeuzwa itakupa upande mmoja tu wa siku. Na angalia kivuli chako. Jua likiwa na nusu saa tangu kuchomoza, mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha karibu mita 13.

Tembelea mahali siku moja kabla, saa ile ile. Tafuta mandhari ya nyuma isiyo na taka: ukuta safi wa hanga, nyasi, anga tupu. Usiache nguzo ya taa ikiota juu ya mkia. Mkia wa PC-12 ni wa umbo la T, juu yake ni mita 4.26, kwa hiyo hauhitaji kitu kirefu kuuharibia sura.

Kuhusu miezi: Januari na Februari anga huwa safi. Juni mpaka Agosti Nairobi hufunikwa na mawingu asubuhi, wakati mwingine mpaka karibu adhuhuri. Usiahirishe kila kitu kwa ajili hiyo. Siku ya mawingu ni nzuri mno kwa picha za ndani, na ndege nyeupe hupigika vizuri bila mng'ao. Mkataba uwe na siku mbili za akiba.

Mwenye ndege akikwambia ipelekwe Nanyuki ili Mlima Kenya uonekane nyuma, mweleze jambo hili kwa upole. Mlima uko kusini-mashariki ya Nanyuki. Alfajiri, ukiwa wazi, jua linatokea upande huo huo, hasa Desemba na Januari, kwa hiyo utapata mlima mweusi na ndege yenye giza. Alasiri jua linaumulika vizuri, lakini mara nyingi umeshajifunika mawingu. Yawezekana, lakini ni kazi ya siku tatu za kusubiri. Na kiwanja cha changarawe kisitumike kwa ajili ya picha tu: mawe hula ncha za propela.

Lenzi, basi. Kwa nje acha lenzi pana. Ukisogea karibu na milimita 24, pua inavimba kama puto na mkia unakuwa wa mbu. Mabawa ya ndege hii ni mita 16.28 kutoka ncha hadi ncha. Rudi nyuma mita 25 hadi 30, tumia milimita 50 hadi 85, kamera iwe usawa wa kiuno ili ndege isimame kwa heshima. Kisha panda ngazi kwa picha chache za kuonyesha mabawa. Ngazi iwe mbali na ndege kuliko urefu wake, ili ikianguka ianguke peke yake. Rangi nyeupe huidanganya kamera, kwa hiyo tazama histogramu, ile grafu ya mwanga, usiamini picha ya kwenye skrini, na piga faili za RAW, yaani ghafi.

Kichujio cha polaraizi kitaondoa mng'ao kwenye rangi na kuitia anga nguvu, lakini kwenye madirisha ya akriliki kitaleta mabaka ya upinde wa mvua, na baadhi ya skrini za rubani zitaonekana nyeusi. Piga kila picha mara mbili, nacho na bila yake, utachanganya baadaye.

Saa 5 hadi saa 9, jua likiwa utosini, ingia ndani. Ndege irudishwe hangani au kivulini. Chumba cha abiria kina urefu wa mita 5.16, upana wa 1.52 na kimo cha 1.47, ni kidogo, na kishawishi cha kutumia lenzi pana mno ni kikubwa. Usishuke chini ya milimita 16. Mnunuzi akifika na kukuta viti viwili vimebanana pale alipoona ukumbi, amekasirika kabla ya kuketi. Tripodi iwe kimo cha bega la mtu aliyekaa, kamera ikae sawa bila kuinamishwa, piga mkao huo huo mara tatu hadi tano kwa mwanga tofauti ili kilichoko nje ya dirisha kisiungue. Kwa nje, weka shuka jeupe kwenye stendi mbele ya madirisha. Usibandike utepe kwenye rangi wala kwenye dirisha. Flashi ya moja kwa moja iache, itaacha doa kwenye kila ubao uliopigwa vanishi.

Viti vyote visimame wima. Mikanda yote ikunjwe namna moja, vipazia vyote viwe kimo kimoja, meza moja ifunguliwe na nyingine zifungwe. Ondoa mifuko ya kutapikia, chupa, vitabu vya rubani, chaja za simu. Vua viatu na mkanda wenye bizimu ya chuma. Kwenye chumba cha rubani fundi awashe umeme na kuchagua ukurasa wa ramani, maana ndege iliyozimwa injini huonyesha maonyo mekundu na ya njano, na asiyejua atadhani imeharibika. Tumia kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde au polepole zaidi ili skrini na taa za LED zisilete mistari.

Picha za karibu nazo zinauza, ingawa hazina uzuri: ukingo wa mbele wa mabawa na ile mipira ya kuvunja barafu, ncha za propela, magurudumu, mshono wa viti, zulia la mlangoni. Bamba la namba ya mtengenezaji na kurasa za daftari zenye sahihi zipige pia, lakini hizo ziende kwenye faili ya mnunuzi aliyejitambulisha, zisiende mtandaoni.

Ukipata nafasi ya kuipiga ikitembea au ikiruka, kumbuka propela. Angani huzunguka mara 1,700 kwa dakika, yaani kama 28 kwa sekunde. Ukitumia 1/1000 inageuka nyuzi 10 tu, na ndege itaonekana imezima injini hewani. Kwa 1/125 inageuka nyuzi 82 hivi, na propela ya mapanga matano inajaza duara zima. Ikitembea taratibu ardhini mzunguko hupungua, shuka hadi 1/60. Mkono wako utatikisika, kwa hiyo piga nyingi.

Picha za ndege kwa ndege, yaani za kupigwa angani kutoka ndege nyingine, mwenye mali atazitaka, kila mtu huzitaka. Kwa kazi yako ya kwanza kataa. Zinahitaji marubani wawili waliofunzwa kuruka karibu karibu, kikao kabla ya safari, mlango ulioidhinishwa kufunguliwa angani na wewe umefungwa kamba. Kupiga kupitia dirisha la akriliki ni kupoteza mafuta.

Jioni, jua likishazama, una dakika kama ishirini za anga ya buluu. Kama umepewa ruhusa ya muda huo, taa za ndani ziwashwe, mlango uwe wazi, tripodi, ISO 100, f/8, sekunde moja hadi nne. Ile taa nyekundu inayomweka ibaki imezimwa. Kwa watu wa uwanjani maana yake ni kwamba injini inakaribia kuwashwa.

Usalama wako nao. Vaa kizibao cha kung'aa. Usipite mbele ya propela hata kama injini imezimwa, na usiiguse. Ikihitaji kugeuzwa ikae vizuri kwa picha, aigeuze fundi. Vifuniko vyenye bendera nyekundu, vizibo na kamba ya propela vitaondolewa kwa ajili ya picha: vihesabu vikitoka, viandike, vihesabu vikirudi. Fanya hivyo hivyo kwa vifuniko vyako vya lenzi na betri. Kimoja kikibaki chini, injini ya mtu mwingine itakimeza.

Mwisho wa siku uwe na picha 35 hivi za kukabidhi: 12 za nje, 10 za ndani, nne za chumba cha rubani, zilizobaki za karibu. Mbili au tatu uziachie anga tupu upande mmoja, mahali pa maandishi. Nitumie mpango wako wa saa kwa saa kabla hujaupeleka kwa mteja, na unipigie ukishajua ni modeli ya mwaka gani, kwa sababu za zamani zina propela ya mapanga manne na 1/125 haitoshi kujaza duara; hapo utashuka mpaka 1/100.

Mama yako