Jibu: Je, ni kweli pengwini dume ndiye anayelalia yai?

Ndugu, umeuliza kama pengwini dume wa aina ya emperor hulalia yai kweli, au watengenezaji wa La Marche de l'empereur, filamu ya Kifaransa kuhusu pengwini hao, wametia chumvi. Hawakutia chumvi. Jike hutaga yai moja tu, kisha hulihamisha kutoka juu ya miguu yake hadi juu ya miguu ya dume, na likikawia kwenye barafu huganda na kuharibika, ndiyo maana sehemu hiyo hutazamwa roho ikiwa mkononi. Baada ya hapo jike hurudi baharini kutafuta chakula, naye dume hubaki takriban miezi miwili amelifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, bila kula chochote, akibanana na wenzake kuukinga upepo wa Antaktika.

Kilichoongezwa na binadamu ni maneno: katika toleo la Kifaransa la mwaka 2005 waigizaji huwasemea ndege, ilhali toleo la Marekani lina msimulizi mmoja, Morgan Freeman. Ningekushauri uanze na hilo la pili, kwani pengwini wanaoelezana mapenzi kwa sauti za watu hunipunguzia, mimi binafsi, utamu wa picha zilizopigwa karibu na Dumont d'Urville, kituo cha utafiti cha Wafaransa huko Antaktika.