Nyama Ukiiacha, Iache Mbele ya Watu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Singida aliniandikia hivi: "Kaka, nimeacha nyama tangu Kwaresima, lakini kila nikienda ukweni narudi nimekula. Wewe ulifanyaje ukadumu?" Maswali ya kuacha nyama napata mengi, na karibu yote ni ya chakula: nile nini, protini nitapata wapi. Huyu ameuliza afanyeje mbele ya watu. Nimefurahi, maana watu wengi ninaowajua walioacha nyama kisha wakairudia walirudishwa na meza ya ndugu. Hamu ya nyama huisha mapema kuliko unavyodhani. Ndugu hawaishi.

Mimi ni Mchaga wa Marangu. Anayeijua Kilimanjaro ya Desemba ameshanielewa. Magari yanatoka Dar usiku, Chalinze, Korogwe, Same, mpaka Himo, na kila nyumba inayofunguliwa milango inachinja. Mbuzi wa sikukuu hagawiwi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe. Wanaume wanakaa karibu na moto, kisusio, ile supu ya damu, kinazunguka, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, na jina lako likiitwa ukapewa pande lako, umetambuliwa kuwa wa pale. Sasa simama mbele ya wazee hao useme, "Ahsanteni, mimi sili."

Nilisema. Baba mkubwa alikuwa ameshika kisu mkono mmoja na pande langu mkono wa pili. Alinitazama, akauliza kama nimekuwa Msabato. Mwingine akasema labda mke wangu amenikataza. Wa tatu akasema watoto wa mjini siku hizi wanaona nyama ya nyumbani chafu, na hilo ndilo lililobaki midomoni mwa watu mpaka sikukuu ikaisha. Mke wangu, ambaye mwenyewe anakula nyama vizuri tu, alibeba lawama isiyomhusu kwa muda mrefu. Nilishasamehe, lakini nikisema haliumi tena nitakuwa nadanganya.

Na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wangeuliza ningewaambia kwamba nilimwona baba yangu usiku akiugua gauti, ugonjwa wa maungio: kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likikigusa analia, mtu mzima yule. Daktari alitueleza kwamba asidi ya uriki ikizidi kwenye damu hutengeneza chembe kali kama sindano ndani ya maungio, na kwamba nyama nyekundu, maini, figo na pombe vinaipandisha. Nikapimwa na mimi, nikakuta niko ukingoni. Nikaanza na nyama nyekundu. Baadaye kuku na samaki, na mwisho maziwa na mayai navyo vikaondoka, kwa sababu njiani nia yenyewe ilibadilika: nilifika mahali sikutaka tena mnyama auawe kwa ajili yangu. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nimeshaamua. Ilinipa nguvu tu.

Mwaka uliofuata baada ya sikukuu ile nilijipanga. Mwezi Novemba nilimpigia shangazi nikamwambia, "Shangazi, nakuja, na ninachokitamani ni kiburu chako." Kiburu ni ndizi na maharage, chakula chetu wenyewe, wala hakuhitaji kujifunza lolote. Alifurahi! Mchango wangu wa sikukuu nikautoa kwa ndizi, mchele na sukari, tena mapema, ili asitokee wa kusema nakwepa. Jina langu lilipoitwa nilikwenda, nikapokea pande langu kwa mikono miwili, nikashukuru, kisha nikalipeleka jikoni kwa shangazi. Heshima ya ukoo nimeipokea, nyama wamekula wanaoitaka, na mimi nikarudi kukaa motoni na wanaume wenzangu na bakuli langu. Baba mkubwa hakusema neno. Leo wawili kati ya wale walionicheka wananipigia simu kimyakimya kuuliza wanapikaje choroko, kwa sababu daktari amewaambia yaleyale aliyomwambia baba. Nawajibu vizuri, kwa upole, maana afya ya ndugu yangu ni kubwa kuliko kinyongo changu.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Singida, mkeo ampigie mama yake kabla hamjasafiri. Asiseme wewe mgonjwa, asiseme unajaribu jambo fulani. Aseme, "Mume wangu hali nyama, anapenda sana mlenda wako na maharage." Mama mkwe akijua unachokula atakupikia. Akishangazwa mezani, kuku wake ameshamchinja kwa heshima yako, atajiona amekataliwa yeye. Na wewe mwenyewe ondoa neno "najaribu" mdomoni. Anayesema anajaribu anasukumwa kipande kimoja, "kidogo tu, onja." Anayesema "sili" anaachwa baada ya muda. Tena usihubiri watu wakiwa wanakula. Nimewaona vijana wanaoeleza machinjio wakati wenzao wanatafuna, halafu wanashangaa hawaalikwi tena.

Chakula chenyewe si kigumu hivyo. Wanaoshindwa upande huu ni wale wanaotoa nyama kwenye sahani bila kuweka kitu mahali pake. Wanakula wali na mchicha mchana, saa kumi jioni wanatetemeka kwa njaa, kisha wanasema mwili umekataa. Mwili haujakataa, ndugu yangu, una njaa. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Weka kunde, mbaazi za nazi, choroko, dengu, njugu mawe, kisamvu cha karanga. Loweka maharage usiku, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya; tumbo litatulia na gesi itapungua. Uji wa ulezi usikose, kwa ajili ya kalsiamu.

Wapare wana makande, mahindi na maharage, na huko Upare Wasabato wapo tangu 1903, walipoanzia Giti, na baadhi yao hawagusi nyama. Ethiopia, Wakristo wa Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, pamoja na siku 55 kabla ya Pasaka, bila nyama, maziwa wala mayai, na wanalima na kulea watoto kama kawaida. Dar, ukipita Kisutu na Upanga, kuna Wahindi ambao vizazi na vizazi katika familia zao nyama haijaingia. Basi ukiambiwa hiki ni kitu cha Wazungu, usikubali. Kilo ya nyama ya ng'ombe Dar siku hizi imepita shilingi 10,000, na soseji za soya zinazoletwa kwa meli ni ghali kuliko hiyo nyama. Wala huzihitaji.

Kazini, tafuta mama ntilie mmoja uwe mteja wake wa kila siku. Muulize wazi kama maharage yake hayaungwi kwa supu. Wangu ananijua: nikitokea, anaweka ugali, maharage, matembele, parachichi, bila kuuliza. Kwenye harusi kula kwanza nyumbani, kwa sababu pilau hata ukichambua vipande vyote, mchele umeivia kwenye supu ya nyama.

Chai nayo iangalieni. Sisi tunakunywa chai na chakula, na chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Subiri kama saa moja. Badala yake kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa, chuma kitapita vizuri zaidi.

Kuna jambo moja ambalo mboga haiwezi kukupa, na hapa naomba mnisikilize. Vitamini B12 haimo kwenye maharage, mchicha wala matunda. Ukiacha nyama tu na unakula mayai na maziwa ya kutosha, unaipata. Ukiacha vyote kama mimi, lazima umeze vidonge au ule vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Akiba iliyo kwenye ini inaweza kukubeba miaka, kwa hiyo utajiona mzima kabisa, unajisifu, huku inaisha taratibu. Dalili zake ni uchovu usioeleweka, ganzi miguuni na mikononi, kusahau, upungufu wa damu, na mishipa ya fahamu ikishaharibika sana huenda isirudi ilivyokuwa. Vidonge vinapatikana katika maduka ya dawa. Mimi nameza na kila mwaka napima damu. Wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotaka kuwaachisha watoto nyama, muoneni kwanza mtaalamu wa lishe hospitalini, mwende na orodha ya mnachokula kwa wiki nzima, na mumwambie ukweli wote, hata siku zile mlizolalia chai na mkate.