Dengu ni chakula, homa ina jina lake

SWALI: Zahanati ya mtaani kwetu Kisauni imebandika tangazo la "homa ya dengu". Shemeji yangu wa Tanga ashikilia kuwa jina ni kidingapopo. Lipi sahihi, laandikwaje, na asili yake ni ipi?

JIBU: Shemeji yako yuko sawa. Liandike kwa neno moja, kidingapopo, na hiyo ng uitamke kama ya ngoma, si ya ng'ombe. Daktari James Christie, aliyeushuhudia mlipuko wa Unguja mnamo 1870, aliandika kwamba wenyeji waliuita kidinga pepo. Wanaofuatilia asili ya maneno wengi waona kuwa kidinga hiyo ndiyo iliyofika visiwa vya Karibi, Wahispania wakaitamka dengue. Kamusi zetu zina popo, nami nazifuata, ila popo mwenyewe hana hatia.

Sasa hiyo dengu. Hili limenichosha! Mombasa nzima yajua dengu ni nini: unga wake ndio tunaokorogea bajia, na mchuzi wake twalia chapati. Mtangazaji asomapo redioni kwamba "dengu imezuka Mvita", msikilizaji aelewe nini? Nilikuwa foleni ya zahanati Likoni, nikamsikia bibi mmoja akimuuliza muuguzi, kwa adabu kabisa, kama aache kula dengu au azichemshe zaidi. Hakuwa mjinga. Alisoma kilichoandikwa, akakielewa kama Mswahili. Mwenye kosa ni aliyeandika. Bibi yule alistahili kuambiwa kuwa maradhi haya huletwa na mbu aumaye mchana, azaliwaye kwenye maji yaliyotuama, na kwamba mapipa tunayowekea akiba ya maji mifereji ikikauka yafunikwe. Badala yake alirudi nyumbani akiwaza chungu chake.

Wengine, kwa kuikwepa dengu, huandika "denge". Denge ni mkato wa nywele, kipara pembeni na kishungi utosini. Hatujaugua nywele.

Basi anayeona kidingapopo ni refu mno kwa tangazo na aandike "homa ya dengi". Silipendi, maana ni neno letu lililorudi limekatwa kichwa na mkia, lakini nitalivumilia, kwa kuwa halimdanganyi mtu. Dengu sitaivumilia. Mwambie mkuu wa zahanati yenu alibandue tangazo lile leo.